Dunia inaisha, halafu unauza shamba?

IJUMAA jioni hapa Songea ina sura mbili. Upande mmoja washikaji wa Lizaboni na Mfaranyaki wanaulizana leo kitimoto wapi. Upande wa pili zipo nyumba ambazo saa 12 haijafika, tayari maharage yameiva, nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa na watoto wameoga. Jua likizama, kazi zote zinasimama mpaka Jumamosi jua lizame tena. Hata kama kuna mechi kali Uwanja wa Majimaji, hawatoki. Hao ni Wasabato, na Ijumaa yao wanaiita siku ya maandalio.

Lishikeni hilo neno, maandalio, maana kuna kijana mtaani kwetu alikuwa karibu atupotee kwa kutolielewa. Alikuwa anasomea ufundi umeme. Zikaanza kuingia kwenye simu yake sauti za watu wanaojiita masalia: mwisho umefika, kitambulisho cha taifa ndiyo alama ya mnyama, shule ni kupoteza muda, kimbilieni milimani. Bwana wee, jamaa akaacha kwenda chuo! Shamba la mahindi aliloachiwa na marehemu baba yake akaanza kulitafutia mteja. Mama yake, Msabato wa siku nyingi, akawa mtu wa kulia tu.

Mimi si Msabato, kwa hiyo nikaenda kumwona mzee mmoja wa kanisa lao. Baada ya shikamoo nikamuuliza, hao masalia ni akina nani? Akanifungulia Ufunuo 12, mstari wa 17. Ni waumini watakaobaki wakishika amri za Mungu wakati wengi wamezitupa. Kanisa la Waadventista Wasabato linafundisha hivyo kweli. Ila linafundisha pia kwamba Mungu anao watu wake waaminifu kwenye makanisa mengine. Na ile alama ya mnyama wanasema hakuna aliyekwishaipokea mpaka leo, maana ni suala la nani unamwabudu, siyo kadi mfukoni. Sasa kitambulisho cha NIDA kimeingiaje hapo?

ALIYEUMWA NA NYOKA

Wasabato wana sababu ya kuogopa watu wa tarehe. Kule Marekani mhubiri William Miller alipiga hesabu za kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakaishia kwenye siku moja: 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, kukakucha, kimya. Watu walilia! Wengi wakatawanyika. Wachache wakasoma upya, wakasema siku ile ilianza hukumu huko mbinguni, siyo Yesu kurudi duniani. Kutokana na hao, mwaka 1863 likaundwa rasmi kanisa lao, na kanisa hilo halitaji tarehe ya Yesu kurudi.

Wamisionari wao wa kwanza walifika kwetu mwaka 1903, kule Upare. Leo wana Hospitali ya Heri kule Kigoma na Chuo Kikuu cha Arusha. Yaani mtu anaamini Yesu yu karibu kurudi, na bado anajenga chuo kikuu. Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa.

Wanaojiita Wasabato Masalia walijitenga na kanisa hilo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 baadhi yao walipiga kambi karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, wakitaka kwenda kuhubiri ng'ambo bila pasipoti wala tiketi. Wengi tulicheka. Lakini Kanungu, Uganda, hakuna aliyecheka: Machi 17, 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wale wa Kanungu na Shakahola hawakuwa Wasabato, ila kuna wimbo mmoja unaofanana: mwisho umefika, mali za dunia za nini?

MAFUTA HAYAAZIMWI

Yule mzee akamwita kijana, akamsomea habari za wanawali kumi, Mathayo 25. Wote kumi walisinzia, hata wale wenye busara! Tofauti ilikuwa mafuta, na mafuta hayakuazimwa. Akamwambia mafuta ni tabia unayoijenga kila siku: kusali, kulipa deni, kuacha uongo, kumaliza ulichoanza.

Lakini aliyemaliza mchezo ni mama. Alimuuliza mwanawe: Ijumaa huwa tunaacha kupika au tunamaliza kupika? Kijana kimya. Akamuuliza tena: na huyo anayelitaka shamba la baba yako, yeye atalima dunia ipi?

Shamba halikuuzwa. Kijana amerudi chuoni, na juzi ametundikiwa ratiba: mtihani wa vitendo, Jumamosi! Safari hii hakutoroka. Ameandika barua mapema, ameomba apangiwe siku nyingine, anasubiri majibu. Anasema akikataliwa, ataurudia mwakani. Wenzake wanamwona mshamba. Mimi, kusema ukweli, nimemvulia kofia.

Haya, vijana wenzangu, akija mtu na tarehe ya mwisho wa dunia mkononi, kwanza muulize yeye ameuza nini. Kisha nenda kamalize kazi zako, jua halijazama.