Kabla ya Kugusa Skrubu ya Kabureta

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Kabureta imekufa. Skrubu zote nimezizungusha, haitaki."

Mzee alikuwa ameshuka kutoka Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, hadi kwa fundi wa injini ndogo karibu na stendi ya Msamvu. Mashine yake ya kupulizia dawa ilikuwa imefungwa ndani ya kiroba. Fundi aliifungua, akaitazama pande zote, kisha akachukua spana ya plagi. Bisibisi aliiacha palepale ilipokuwa. Nilifurahi kuona hivyo, kwa sababu injini nyingi za aina hii huharibiwa na bisibisi iliyotangulia kufika.

Huku kwetu majani ya uani hufagiliwa kwa chelewa, kwa hiyo mashine za kupuliza majani ni chache. Ndugu yao wa mgongoni, mashine ya kupulizia dawa kama ya mzee, ndiye tunayemfahamu. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi humbeba kila msimu kurushia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga. Ndani ni kitu kilekile: injini ya petroli ya mapigo mawili inayozungusha feni, na magonjwa yao ni yaleyale.

Plagi ilitoka nyeusi na imelowa. Ingekuwa na rangi ya hudhurungi, mchanganyiko ungekuwa sawa. Ingekuwa nyeupe na kavu kama chokaa, ungejua hewa imezidi petroli. Hii ya mzee ilisema petroli inafika, tena kwa wingi, lakini haiungui vizuri. Kama ingekuwa kavu kabisa, fundi angedondosha matone machache ya petroli kwenye tundu la plagi, airudishe na kuvuta kamba. Injini ikiwaka sekunde mbili na kuzima, cheche ipo na mgandamizo upo, ila mafuta hayafiki. Hapo unakagua filta iliyomo ndani ya tangi, mpira uliopasuka, na kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko cha tangi, ambacho kikiziba mashine huwaka vizuri kwa dakika kadhaa kisha hufa kana kwamba petroli imekwisha.

Kuunguza lita moja ya petroli kunahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Injini hii hasa ni mlaji wa hewa, na petroli ni kitoweo tu. Kabureta hupima kitoweo hicho kwa kutumia kanuni ambayo Daniel Bernoulli aliieleza mwaka 1738: hewa ikipita kwa kasi kwenye koo jembamba, kanieneo yake hushuka, na petroli hunyonywa kupitia kitundu kidogo. Ndiyo maana filta ya hewa iliyojaa vumbi au unga wa salfa hufanya kazi ya choki. Injini inakabwa, inavuta petroli nyingi, inatoa moshi mzito na kugoma kupanda resi. Mtu akiona hivyo hulaumu kabureta, wakati dawa ni kuosha filta.

Ya mzee ilikuwa chafu, ndiyo, lakini haikuwa peke yake. Fundi alifungua kabureta na kunionyesha utando mwembamba wa raba, mpana kama sarafu. Bodaboda hupima mafuta kwa boya linaloelea, na boya hutaka kusimama wima. Mashine ya mgongoni huinama na kulala ubavu, kwa hiyo kuna zinazotumia utando badala ya boya. Utando mmoja husukumwa na mapigo ya hewa kutoka chumba cha krenki, ukafanya kazi ya pampu. Mwingine hucheza juu ya kijiti kidogo chenye urefu wa punje ya mchele, kinachofungua na kufunga sindano ya mafuta. Utando mpya hulegea kidoleni. Huu ulikuwa umekakamaa kama ganda la kitunguu kikavu, na pembeni ya sindano palikuwa na gundi ya rangi ya asali, kwa hiyo sindano haikuweza kufunga sawasawa. Hiyo gundi ni petroli ya msimu uliopita. Sehemu zake nyepesi zilikwisha kuruka, zikabaki nzito. Ukimaliza msimu, mwaga petroli yote, kisha washa mashine mpaka ijizime yenyewe.

Lakini kuna ugonjwa mmoja unaonitia hofu kuliko yote. Ukiona mashine inapanda resi yenyewe na kukataa kushuka sailensa, izime mara moja. Mara nyingi inavuta hewa mahali penye gasketi mbovu au sili ya krenki iliyochoka. Katika injini ya mapigo mawili oili huja ndani ya petroli, kwa mfano mililita 40 kwa kila lita kama mtengenezaji ametaka moja kwa ishirini na tano. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, joto limepanda, na pistoni inanoki ndani ya silinda. Skrubu haitibu ugonjwa huo.

Utando mpya ulifungwa, filta ikaoshwa, plagi ikasuguliwa. Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu. Fundi aliiseti ikiwa na bomba lake la upepo, kwa sababu feni ndiyo mzigo wa injini, na resi ya mashine iliyovuliwa bomba hudanganya. Kisha akaweka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu.

"Hapa ni mita 500 hivi, mzee. Kwenu ni juu zaidi."

Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyosetiwa Msamvu itamwaga petroli kupita kiasi ikifika Mgeta.

"Ukiona moshi mzito na resi haipandi, geuza kulia kidogo sana, nusu ya robo ya mzunguko. Na siku ukishuka nayo huku chini, irudishe kwenye alama kabla hujavuta kamba. Ukisahau, petroli itakuwa kidogo, na pistoni haitakusubiri."

Mzee aliinama, akaitazama ile alama nyekundu kwa muda, kisha akaifunga mashine yake ndani ya kiroba.