Chanjo ya Utotoni na Saratani ya Ini ya Ukubwani

Mzazi wa Chiungutwa anapompeleka mtoto wake wa wiki 6 kliniki, kwa kawaida hufahamu kwamba sindano ya pajani itamkinga mtoto dhidi ya kifaduro, dondakoo na pepopunda. Ni wachache wanaofahamu kwamba ndani ya sindano hiyohiyo imo pia kinga ya saratani, ambayo faida yake haitaonekana mwaka huu wala mwaka ujao, bali mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima mwenye familia yake. Katika makala haya tunaeleza jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi, na mambo ambayo mlaji wa huduma za afya anapaswa kuyadai na kuyatimiza ili asiikose.

Ugonjwa unaokaa kimya

Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa katika damu na majimaji ya mwili. Huambukizwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, kwa kujamiiana, na kwa vifaa vyenye damu kama vile wembe na sindano. Haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kupeana mikono na mgonjwa.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi. Ni chini ya watu 5 katika kila 100 wanaobaki navyo. Mtoto mchanga aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa hana nguvu hiyo: takriban watoto 90 katika kila 100 hubaki na virusi kwa miaka mingi, na wengi wao kwa maisha yote. Katika muda huo ini huumia kidogo kidogo bila maumivu, hupata makovu, na baada ya miaka 20, 30 au 40 huweza kuota saratani. Mgonjwa anapoanza kukonda, kuvimba tumbo na kuwa na macho ya manjano, kwa kawaida ugonjwa umekwisha kukomaa na tiba zimebaki chache.

Ushahidi wa miaka mingi

Kwa kuwa saratani hii huchelewa kujitokeza, faida ya chanjo nayo imehitaji subira ili kupimwa. Taiwan, ambako ugonjwa huu ulikuwa umeenea sana, ilianza mwaka 1984 kuwachanja watoto wa mama wenye virusi, na mwaka 1986 ikawachanja watoto wachanga wote. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1981 na 1986, watoto 7 katika kila milioni 1 wenye umri wa miaka 6 hadi 14 walipata saratani ya ini kila mwaka. Kati ya mwaka 1990 na 1994 idadi hiyo ilishuka na kuwa chini ya 4.

Watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto hao hadi ujanani, wakaona jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulizingatia. Miongoni mwa waliochanjwa, waliopata saratani walikuwa hasa wale ambao hawakukamilisha dozi zote, au ambao mama zao walikuwa na virusi. Kwa maneno mengine, chanjo iliyoachwa njiani ni kama paa lisiloezekwa likaisha: mvua itapita palepale palipobaki wazi.

Tanzania na mwaka 2002

Nchini kwetu chanjo hii iliingizwa katika huduma ya kawaida ya watoto mwaka 2002. Tangu mwaka 2009 hutolewa ndani ya chanjo ya pentavalenti, yenye kinga tano kwa pamoja, mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Hivyo vijana wa kwanza waliochanjwa sasa wana umri wa miaka ishirini na ushei. Matunda kamili ya chanjo hiyo yataonekana watakapofika umri ambao saratani ya ini hushambulia zaidi. Waliozaliwa kabla ya mwaka 2002, yaani wazazi wengi na karibu wazee wote, hawakupata kinga hiyo utotoni.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kamilisha dozi tatu za mtoto. Chanjo za watoto katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Familia zinazohamia mashambani wakati wa msimu wa korosho ziende na kadi ya kliniki na kuhudhuria kituo kilicho karibu. Mtoto aliyechelewa apelekwe tu. Hakuna haja ya kuanza upya dozi za homa ya ini alizokwisha kupata.

Pili, mama mjamzito aombe kupimwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwani mtoto anayesubiri hadi wiki 6 hukaa muda huo bila kinga. Muulize mhudumu mapema iwapo dozi hiyo inapatikana mahali unapotarajia kujifungua. Mama mwenye virusi anaweza pia kupewa dawa za kupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto.

Tatu, mtu mzima apime kabla ya kununua chanjo. Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Anayeuziwa bila kupimwa huenda akalipia kinga isiyomfaa, huku akikosa uangalizi anaouhitaji. Kwa kawaida mtu mzima huchomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu baada ya miezi 6. Una haki ya kuonyeshwa chupa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kuuliza ilikohifadhiwa, na kupewa kadi na stakabadhi. Chanjo hii huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiganda huharibika.

Nne, kila mtu awe na wembe wake. Virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wakati wa jando, kuchanja chale, kutoga masikio au kunyoa, kifaa kimoja kisitumike kwa watu wawili pasipo kutakaswa ipasavyo. Desturi inaweza kuendelea huku wembe ukibadilishwa.

Tano, jihadharini na sumukuvu. Sumu hii itokanayo na ukungu wa mahindi na karanga huongeza sana hatari ya saratani kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Kaushani mazao vizuri juu ya turubai, na msinunue wala kusaga punje zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Aliyepimwa na kukutwa na virusi asikate tamaa, wala asitoe fedha kwa wauzaji wa dawa zinazodaiwa kusafisha ini kwa siku chache. Aende hospitali kwa uangalizi wa mara kwa mara. Zipo dawa zinazodhibiti virusi na kupunguza hatari ya saratani. Naye mzazi aitunze kadi ya mtoto kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa, kwani mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima, kadi hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba alikingwa.