Taa ya Pikipiki Kuukuu ni Somo la Fizikia

Taa ya mbele ya pikipiki kuukuu inapofifia, wengi wetu hukimbilia dukani kununua balbu mpya. Nashikilia kuwa pupa hiyo ni hasara kwa mfuko na hatari kwa roho, kwani mara nyingi ugonjwa hauko kwenye balbu.

Tuchukue balbu ya volti 12 na wati 35. Inapowaka, ukinzani wake ni takriban omu 4. Kutu kwenye kiungo cha waya ikiongeza omu 1 tu, balbu itasalia na takriban wati 23. Balbu ni nzima, ila dereva na mpita njia wamo gizani.

Atafutaye kasoro kwa subira huanza na lililo rahisi: uzi wa balbu, kisha fyuzi, swichi na viungo. Asisahau waya unaorudisha umeme kwenye fremu, wala nyaya zinazopinda kila usukani ugeuzwapo; hizo hukatika ndani huku ganda likiwa zima. Katika pikipiki kadhaa za zamani, taa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa jenereta ya injini, si betri. Hapo, taa kufifia injini inapozunguka polepole si kasoro. Balbu kuungua mara kwa mara ndiyo dalili ya kidhibiti volti kibovu.

Walimu wa fizikia, mbona mzunguko wa umeme ubaki ubaoni? Naomba wanafunzi waruhusiwe kuipima taa ya pikipiki inayomleta mwalimu shuleni. Watakaoielewa kanuni ya Ohm hapo hawataisahau, na mwalimu atarejea nyumbani salama.