Mtoto anayevunjika mifupa mara kwa mara: huenda ni jeni, si kipigo

Mtoto anavunjika mkono akivalishwa shati. Kabla hajapona, anavunjika mguu. Majirani wananong'ona: anapigwa huyo, au karogwa. Kumbe chanzo kinaweza kuwa jeni moja, COL1A1, iliyo kwenye kromosomu ya 17.

Jeni hiyo huelekeza mwili utengeneze kolajeni aina ya kwanza, protini inayoshikilia mifupa, ngozi na kano. Fikiria zege: madini ya kalsiamu ni saruji, kolajeni ni nondo. Nondo hiyo ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba. Mbili hutokana na COL1A1, ya tatu na jeni mwenzake, COL1A2. Ili msokoto ukaze, kila kiungo cha tatu cha uzi lazima kiwe glisini, asidi-amino ndogo kuliko zote. Ikiingia kubwa mahali pake, msokoto unaharibika, na mfupa unakosa nguvu.

Ugonjwa huu huitwa osteojenesisi impafekta. Baadhi ya watoto wenye nao, weupe wa macho yao huwa na rangi ya samawati. Wazazi wanaweza kuwa wazima kabisa, hitilafu ikaanzia kwa mtoto mwenyewe, kwa hiyo kulaumu ukoo wa mama ni kazi bure.

Haujapata tiba ya kuumaliza. Dawa za kundi la bisfosfoneti hupunguza kasi ya mfupa kumomonyoka, na mazoezi ya viungo husaidia.

Nyumbani, ukimbadilisha nepi usimwinue kwa kumshika miguu. Pitisha kiganja chini ya makalio, umnyanyue taratibu.