Simu ya kitambo imekataa apu? Pesa yako bado iko

Uko Suna, unataka kumlipa muuza omena, na apu inakwambia toleo lako la Android halikubaliki tena. Usishtuke. Pesa haikai ndani ya simu. Iko kwenye akaunti yako.

Kwa nini inakataa? Apu hujengwa kwa vipande vingi, vingine vya programu huria, na kila toleo la zamani linahitaji kupimwa na kuzibwa mianya upya. Wanaovitunza hufika mahali wakaacha. Android 4.4 ilitoka 2013. Google iliacha kuisasishia huduma zake za Play mwaka 2023.

Fanya hivi:

1. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, uone toleo lako. Kama kuna sasisho la mfumo, pakua.
2. Kama hakuna, tumia ile kodi yetu ya nyota na reli. Haihitaji intaneti wala Android. Hata kabambe inafanya.
3. Ukitumiwa apu kwa WhatsApp eti "inafanya kwa simu zote", usiiweke. Inaweza kunasa PIN yako, na hapo ndipo pesa huenda kweli.