Kadre hufanya kazi gani?

Mwaka jana tulikuwa tunajenga nyumba yetu hapa Lubumbashi. Siku moja kabla ya kumwaga zege, nilikuta Papa fundi amefunga vyuma vya boriti ya sebule. Kadre, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozunguka vyuma virefu, alikuwa amezisongamanisha katikati na kuziachanisha karibu na kuta. Nilimwuliza sababu.

«Mwanangu, boriti hupinda katikati. Kadre ndizo zinazoshika vyuma visitawanyike.»

Jibu lake lilinikumbusha somo letu la istilahi. Kadre ni fremu kwa Kifaransa. Mafundi wa Tanzania husema ringi. Vitabu vya Kifaransa husema étrier, kikuku cha mpanda farasi. Majina yote matatu yanataja umbo. Hakuna linalotaja kazi.

Kazi yenyewe nilielezwa na rafiki yangu wa Politekniki. Boriti inapopinda, vyuma virefu vya chini ndivyo vinavyopokea mvuto. Lakini kuna nguvu nyingine, ambayo Kifaransa huiita effort tranchant, nguvu ya kukata. Jina hili nalo hupotosha, kwani mtu hufikiri boriti itakatwa wima kama kwa panga. Kumbe zege huvutwa kimshazari, likafanya ufa unaopanda kutoka upande wa egemeo kuelekea kwenye mzigo. Kadre huuvuka ufa huo na kuuzuia usifunguke. Mwaka 1899 Mswisi Wilhelm Ritter aliilinganisha boriti ya namna hii na kenchi: zege hubanwa kimshazari, kadre huvutwa wima.

Nafasi ya kadre basi hufuata mzigo. Chukua boriti ya mita 6 inayoegemea ncha zake mbili. Ikibeba kilonyutoni 20 kwa kila mita, nguvu ya kukata ni 60 kwenye kila egemeo, 30 ukiingia ndani mita 1.5, na sufuri katikati. Hapo kadre husongamana kwenye ncha. Mzigo huohuo wa 120 ukiwekwa wote katikati, nguvu hubaki 60 toka egemeo hadi kwenye mzigo, na kadre hazina ruhusa ya kuachana njiani. Ukisogezwa hadi mita 1.5 kutoka egemeo moja, upande huo mfupi hupata 90, ule mrefu 30.

Papa fundi hakukosea kuhusu kupinda. Neno lake ndilo lililomficha nguvu ya pili. Nilipomchorea ufa ule chini kwa kijiti, aliutazama kidogo, akasema: «Basi zinashona.»

Jioni ile tulizisogeza, tukabakiza chache katikati. Tangu hapo, ninapotafsiri istilahi, nauliza kwanza kitu kinafanya nini. Katika daftari langu nimeandika: kadre, chuma cha kushona.