Maji ya moto na ya baridi: Yapi hutangulia kuganda?

UKIMUULIZA mtu maji yapi yatatangulia kuganda ndani ya jokofu, ya moto au ya baridi, bila shaka atajibu kuwa ni ya baridi. Hata hivyo, swali hilo limewagawa wanasayansi kwa miongo kadhaa, na aliyeufufua mjadala huo ni mwanafunzi wa sekondari kutoka Tanganyika.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Kwa kuhofia kukosa nafasi, Mpemba aliweka ya kwake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake ambaye hakuyachemsha yalikuwa bado kimiminika kizito.

Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali hilo hilo mgeni wa shule, Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne aliporejea chuoni aliagiza jaribio lifanyike, na matokeo yakamuunga mkono kijana huyo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo likaitwa Athari ya Mpemba. Aristotle, Francis Bacon na René Descartes nao walikwishaligusia karne nyingi kabla.

Jaribio hili linaweza kufanyika nyumbani. Chukua vikombe viwili vya chuma vinavyolingana, utie kimoja maji ya bombani na kingine maji ya moto ya kiasi hicho hicho. Viweke juu ya kipande cha boksi ndani ya friza, kisha viangalie kila baada ya dakika 10 na uandike muda barafu inapoanza kuonekana. Rudia mara kadhaa ukivibadilishia nafasi. Watoto wasimamiwe na mtu mzima, na vyombo vya kioo visitumike kwani huweza kupasuka.

Wataalamu wametoa sababu mbalimbali. Ya kwanza ni mvuke. Gramu moja ya maji inapogeuka mvuke huondoka na joto linalotosha kushusha nyuzi moja ya Selsiasi katika takriban gramu 540 za maji. Hivyo maji ya moto hupoteza joto kwa kasi na pia hupungua ujazo. Pili, maji ya moto huzunguka zaidi ndani ya chombo, na mzunguko huo hupeleka joto juu. Tatu, chombo cha moto huyeyusha theluji iliyo chini yake na kugusana vizuri zaidi na sakafu ya friza. Boksi huwekwa ili kuiondoa sababu hiyo ya tatu.

Aidha, maji huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, na kiwango hicho hubadilika kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Si wote wanaoridhika. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walieleza kuwa hawakupata ushahidi wa kuaminika wa athari hiyo katika maji. Walionyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunatosha kugeuza matokeo. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 watafiti wa Canada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, walichapisha katika jarida la Nature jaribio la chembe ndogo ndani ya maji, ambapo mfumo ulioanza na joto kubwa ulitangulia kupoa.

Kwa hiyo, anayejaribu nyumbani asishangae majibu yakitofautiana. Jaribio moja halitoshi, na namna ya kupima huamua mengi kama maji yenyewe.